Waterford Kamhlaba: Shule iliyovuka mipaka ya ubaguzi

Na Mwandishi Wetu

KATIKA kilima kinachoutazama mji wa Mbabane, nchini Eswatini, ipo shule ya sekondari ambayo historia yake haiwezi kutenganishwa na historia ya mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi Kusini mwa Afrika. Shule hiyo ni Waterford Kamhlaba, inayofundisha kwa lugha ya Kiingereza na kupokea wanafunzi kutoka makumi ya nchi.

Ilifunguliwa mwaka 1963 ikiwa na wavulana 16 tu. Leo ina wanafunzi takriban 600, wavulana kwa wasichana, wengi wao wakiishi bwenini. Kati ya waliopita katika madarasa yake ni watoto wa Nelson Mandela, Walter Sisulu na Askofu Mkuu Desmond Tutu, watu ambao nchini mwao hawakuruhusiwa kumpeleka mtoto katika shule waliyoitaka.

Kwa mzazi wa Afrika Mashariki anayefikiria kumpeleka mtoto wake katika shule ya kimataifa nje ya nchi, historia ya shule hii inafaa kuijua. Inaonyesha kwa nini shule za namna hiyo zilianzishwa, masomo yake yanaendeshwaje, na ni maswali gani mzazi ayaulize kabla ya kulipa ada.

Sheria ya mwaka 1953

Chimbuko la Waterford liko Afrika Kusini. Mwaka 1953, Serikali ya makaburu ilipitisha Sheria ya Elimu ya Wabantu, iliyoondoa elimu ya Waafrika mikononi mwa makanisa na kuiweka chini ya Wizara ya Mambo ya Wenyeji, iliyoongozwa wakati huo na Hendrik Verwoerd. Lengo la sheria hiyo halikufichwa: mtoto wa Kiafrika afundishwe kiasi cha kumtosha kuwa kibarua, na si zaidi.

Shule za misheni zilizokataa zilinyimwa ruzuku. Baadhi zilikabidhiwa kwa Serikali, nyingine zikafunga milango. Miongoni mwa zilizofungwa ni St Peter's ya Rosettenville, Johannesburg, iliyokuwa chini ya watawa wa Kianglikana wa Shirika la Ufufuko. Oliver Tambo, aliyekuja kuwa Rais wa chama cha ANC, alisoma hapo na baadaye akafundisha hapo. Mmoja wa watawa wa shirika hilo, Padri Trevor Huddleston, ni yule yule ambaye Watanzania walikuja kumfahamu kama Askofu wa Masasi kati ya mwaka 1960 na 1968.

Mwalimu Mwingereza, Michael Stern, alikuwa mkuu wa shule ya St Martin's, iliyochukua majengo hayo ya Rosettenville. Sheria haikumruhusu kupokea wanafunzi Waafrika. Stern hakukubali kuendelea kuongoza shule ya Wazungu peke yao, na jambo lililobaki lilikuwa kuanzisha shule nyingine mahali ambapo mkono wa Pretoria haufiki.

Mahali hapo palikuwa karibu. Swaziland, kama ilivyoitwa nchi hiyo hadi mwaka 2018, ilikuwa wakati huo chini ya ulinzi wa Uingereza pamoja na Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, na Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana. Nchi hizo tatu zilizungukwa na Afrika Kusini au kupakana nayo, lakini sheria zake za ubaguzi hazikuwa na nguvu ndani ya mipaka yao. Kutoka Johannesburg hadi Mbabane ni safari ya saa chache kwa gari.

Shule ilijengwa kwa michango ya wahisani na majengo yake yalisanifiwa na Pancho Guedes, msanifu mashuhuri wa Kireno aliyekuwa akifanya kazi Lourenço Marques, jiji ambalo leo ni Maputo. Ikawa moja ya shule za kwanza katika eneo hilo ambamo mtoto Mwafrika, Mzungu, Mhindi na chotara waliketi dawati moja, wakala meza moja na kulala bweni moja. Katika miaka ambayo kumbukumbu ya mauaji ya Sharpeville ya Machi 21, 1960 ilikuwa bado mbichi, jambo hilo halikuwa dogo.

Mfalme aipa jina

Mwaka 1967, Mfalme Sobhuza wa Pili aliipa shule hiyo jina la Kamhlaba. Katika lugha ya Kiswati, neno hilo hubeba maana mbili kwa pamoja: kitu cha ardhini na kitu cha dunia nzima. Maana iliyokusudiwa ni kwamba wote ni watoto wa ardhi moja, wasiotenganishwa kwa rangi, kabila wala dini.

Jina hilo lilikuwa pia na uzito wa kisiasa. Nchi ilipata uhuru Septemba 6, 1968, na shule iliyokuwa imeanzishwa na Mwingereza ikawa imeshapata baraka za mfalme mwenyewe. Hata watoto wa ukoo wa kifalme walisoma humo.

Watoto wa wafungwa

Umuhimu wa Waterford ulionekana zaidi baada ya viongozi wa ANC kufungwa katika Kisiwa cha Robben mwaka 1964. Familia zao zilisumbuliwa na polisi, na watoto wao hawakukaa kwa amani katika shule za nyumbani. Winnie Mandela, aliyekuwa akiwekewa amri za kumzuia kutembea na kukutana na watu, aliamua kuwapeleka mabinti zake wawili, Zenani na Zindzi, kusoma Swaziland. Hatimaye walijiunga na Waterford.

Kwa watoto hao, bweni lilikuwa zaidi ya mahali pa kulala. Kanuni za gerezani ziliwakataza watoto wa umri wao kumtembelea baba yao hadi wakaribie miaka 16, na mama yao naye alikuwa akiingia na kutoka mahabusu. Likizo ilipofika, hapakuwa na uhakika kwamba watamkuta nyumbani.

Mwaka 1977, Zenani aliolewa na Mwanamfalme Thumbumuzi Dlamini, mtoto wa Mfalme Sobhuza. Ndoa hiyo ilimpa hadhi ya kidiplomasia, na kwa hadhi hiyo aliruhusiwa kuonana na baba yake ana kwa ana bila kutenganishwa na kioo. Mandela aliweza kumkumbatia binti aliyemwacha akiwa mdogo.

Orodha ya waliosoma hapo ni ndefu. Lindiwe Sisulu, binti wa Walter na Albertina Sisulu, alikuja kuwa waziri katika Serikali ya Afrika Kusini kwa miaka mingi. Fernando Honwana wa Msumbiji alikuwa msaidizi wa Rais Samora Machel na alifariki pamoja naye katika ajali ya ndege ya Mbuzini, Oktoba 19, 1986. Mwigizaji wa filamu Richard E. Grant, aliyezaliwa Mbabane mwaka 1957, ni zao la shule hiyo pia.

Hata hivyo, mpaka haukuwa ukuta. Mwaka 1982, Serikali ya Swaziland ilitia saini makubaliano ya siri ya usalama na Afrika Kusini, yaliyotangazwa hadharani mwaka 1984. Katika miaka hiyo wanachama wa ANC walikamatwa, kufukuzwa nchini na wengine kuuawa ndani ya ardhi ya Swaziland. Shule iliendelea kufundisha, lakini hapakuwa na aliyejidanganya kwamba yuko mbali na vita.

Kujiunga na UWC

Mwaka 1981, Waterford ilijiunga na mtandao wa shule wa United World Colleges, unaojulikana zaidi kwa kifupi cha UWC. Ilikuwa shule ya kwanza ya mtandao huo barani Afrika, na ilibaki peke yake kwa miaka 38.

UWC ilitokana na fikra za Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyekimbilia Uingereza baada ya Hitler kushika madaraka. Kabla ya kuondoka Ujerumani alikuwa ameanzisha shule ya Salem mwaka 1920, na baada ya kufika Uingereza alianzisha Gordonstoun, Scotland, mwaka 1934. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Hahn aliamini kwamba vijana wa nchi zilizopigana wakiishi na kusoma pamoja kabla chuki haijakomaa, itakuwa vigumu kuwageuza maadui. Shule ya kwanza ya wazo hilo, Atlantic College, ilifunguliwa mwaka 1962 katika ngome ya kale ya St Donat's, Wales.

Leo mtandao huo una shule 18 katika mabara manne. Mandela, ambaye watoto wake walifaidika na Waterford alipokuwa kifungoni, alikuja kuwa Rais wa UWC katika miaka ya 1990.

Kwa wasomaji wa Tanzania, kiungo cha karibu zaidi kipo Kilimanjaro. Shule ya Kimataifa ya Moshi, iliyoanzishwa mwaka 1969 na baadaye kufungua tawi Arusha, ilijiunga na mtandao huo mwaka 2019 na kuitwa UWC East Africa. Kwa hiyo, mzazi anayetaka elimu ya aina ya Waterford halazimiki tena kuvuka mpaka kuitafuta.

Masomo yanavyokwenda

Shule nyingi za UWC hupokea wanafunzi wa miaka 2 ya mwisho ya sekondari tu. Waterford ni tofauti: huanza na kidato cha kwanza. Wanafunzi husoma hadi kidato cha tano na kufanya mtihani wa IGCSE wa Cambridge, ambao duniani ulianza kutahiniwa mwaka 1988 kwa ajili ya shule zilizo nje ya Uingereza. Baada ya hapo hufuata miaka 2 ya stashahada ya IB.

IB ilianzishwa Geneva, Uswisi, mwaka 1968. Sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa: watoto wa wanadiplomasia na watumishi wa mashirika ya kimataifa walikuwa wakihama nchi hadi nchi, na cheti cha nchi moja hakikutambuliwa na vyuo vikuu vya nchi nyingine.

Mwanafunzi wa Tanzania anayeingia kidato cha tano huchagua tahasusi ya masomo makuu 3. Aliyechagua sayansi huachana na historia, na aliyechagua lugha huachana na kemia. Katika IB, mwanafunzi husoma masomo 6 kutoka makundi tofauti: lugha na fasihi, lugha ya pili, masomo ya jamii, sayansi, hisabati na sanaa. Anaweza kuacha sanaa na kuchukua somo la ziada la kundi jingine, lakini hawezi kuikwepa hisabati wala lugha ya pili.

Kwa kawaida masomo 3 husomwa kwa kiwango cha juu, yaani saa 240 kila moja, na 3 kwa kiwango cha kawaida cha saa 150. Kila somo lina alama za juu 7, jumla 42. Alama 3 za nyongeza hutokana na insha ya utafiti ya maneno yasiyozidi 4,000 na somo la Nadharia ya Maarifa, linalomtaka mwanafunzi aeleze amejuaje anachodai kukijua. Hivyo alama za juu kabisa ni 45. Anayepata angalau 24 na kutimiza masharti mengine hutunukiwa stashahada.

Sharti mojawapo ni shughuli za ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii. Hazina alama, lakini asiyezikamilisha hapati cheti. Waterford, kazi za kujitolea katika jamii zinazoizunguka shule ni desturi ya miaka mingi.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba Kiswahili ni somo linalotahiniwa na IB. Hutolewa kama lugha ya fasihi kwa wanaokimudu, na kama lugha ya kujifunza kwa wageni. Aidha, pale shule isipokuwa na mwalimu wa lugha ya mama ya mwanafunzi, utaratibu wa IB unamruhusu kusoma fasihi ya lugha hiyo mwenyewe kwa usimamizi wa shule. Mtoto aliyetoka Tanga au Mombasa anaweza kusoma nje ya nchi kwa Kiingereza bila kuiacha fasihi ya kwao.

Suala la lugha

Pamoja na hayo, Kiingereza ndicho mlango wa kuingilia. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia anapoingia sekondari, na walimu wengi nchini wanajua jinsi mwaka huo wa kwanza unavyowanyamazisha hata wanafunzi hodari. Katika shule ya kimataifa hali huwa ngumu zaidi, kwa sababu tathmini haitegemei kukariri majibu. Mwanafunzi hutakiwa kujadili darasani, kuandika insha, kutetea hoja na kumhoji mwalimu.

Kwa sababu hiyo, mzazi hana budi kuuliza kama shule inayo madarasa ya kuwasaidia wanafunzi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kama msaada huo umo katika ada au hulipiwa peke yake.

Nani anaingia, nani analipa

Ada za shule za kimataifa zinazidi kwa mbali uwezo wa mwananchi wa kawaida. Hapo ndipo penye lawama kubwa dhidi yake: kwamba shule zilizoanzishwa kuvunja ubaguzi wa rangi zimejenga ubaguzi wa kipato.

UWC hujibu lawama hiyo kwa utaratibu wake wa uteuzi. Katika nchi zaidi ya 150, zikiwamo Tanzania na Kenya, zipo kamati za taifa zinazoteua vijana kwa kuangalia uwezo, tabia na moyo wa kujituma. Waombaji hujaza fomu, huandika maelezo, husailiwa na kupewa kazi za kufanya kwa vikundi. Ufadhili hutolewa kwa kuzingatia hali ya kifedha ya familia, na baadhi ya wanaoteuliwa hugharamiwa karibu kila kitu.

Kizingiti halisi mara nyingi ni taarifa. Kijana wa shule ya Serikali wilayani, ambaye mwalimu wake hajawahi kusikia jina la UWC, hashindwi katika usaili. Hafiki kwenye usaili.

Baada ya mtihani, wengi huelekea Marekani. Mpango wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2000 na mfanyabiashara Shelby Davis huvipa makumi ya vyuo vikuu vya nchi hiyo fedha za kuwasaidia wahitimu wa UWC wasio na uwezo. Ni fursa kubwa. Lakini ndiyo pia inayofanya baadhi ya watu waulize ni wangapi kati ya vijana hao watarudi kuzitumikia nchi zilizowateua.

Baada ya ubaguzi kuanguka

Uchaguzi wa Aprili 1994 uliiondolea Waterford sababu ya kuanzishwa kwake. Shule za Afrika Kusini zilikwisha kufunguliwa kwa watu wa rangi zote, na mzazi Mwafrika mwenye fedha hakulazimika tena kumvusha mtoto mpaka. Shule ikageukia zaidi wanafunzi wa bara zima na wa mbali, wakiwamo waliotoka katika nchi zenye vita.

Eswatini nayo ina mambo yake. Aprili 1973, Mfalme Sobhuza aliifuta katiba na kupiga marufuku vyama vya siasa. Ingawa nchi ilipata katiba mpya mwaka 2005, bado mfalme ndiye mwenye kauli ya mwisho. Mwaka 2021 maandamano ya kudai demokrasia yalizimwa kwa nguvu na watu wengi wakapoteza maisha. Shule inayofundisha vijana kuhoji imekaa zaidi ya miaka 60 ndani ya ufalme ambao mamlaka yake hayapendi kuhojiwa. Wanafunzi wake hujifunza na hilo pia.

Mambo ya kuzingatia

Si kila shule yenye neno 'kimataifa' katika kibao chake ina hadhi hiyo. Neno hilo halilindwi na sheria yoyote ya dunia. Mzazi anashauriwa kuhakikisha mambo yafuatayo kabla ya kufanya malipo.

Kwanza, shule inatambuliwa na mamlaka ya elimu ya nchi iliyopo, na pia na chombo kinachotoa cheti chake. IB na Cambridge huchapisha orodha za shule zilizoidhinishwa.

Pili, kalenda ya masomo. Waterford hufuata mwaka unaoanza Januari, na mtihani wake wa IB hufanyika Novemba. Shule za Ulaya na Marekani huanza Agosti au Septemba na hutahini Mei. Anayehitimu Novemba husubiri miezi kadhaa kabla ya chuo cha Ulaya kufungua, na anayemaliza kidato cha nne Tanzania husubiri vivyo hivyo kabla ya kujiunga na shule ya huko.

Tatu, gharama zisizoandikwa katika jedwali la ada: tiketi za ndege, kibali cha kuishi, bima ya afya, ada ya mitihani, sare, vitabu na mahali pa kukaa wakati wa likizo fupi.

Nne, njia ya kurudi. Mwenye cheti cha nje anayetaka kujiunga na chuo kikuu cha Tanzania hutakiwa kupata ulinganifu wa cheti hicho kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania. Uchaguzi wa masomo ufanywe kwa kulizingatia hilo tangu mwanzo, hasa kwa wanaotaka udaktari au uhandisi, ambao huhitaji masomo maalumu ya sayansi.

Tano, mtoto mwenyewe. Bweni la nchi ya mbali humkomaza mmoja na kumvunja mwingine. Mabinti wa Mandela walipelekwa huko kwa sababu nyumbani hapakuwa na usalama. Mzazi wa leo ana hiari ambayo Winnie Mandela hakuwa nayo, na hiari hiyo itumike baada ya kumsikiliza mtoto anayesafiri.